Ingwe, tuonyesheni hesabu
Sisi mashabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards, huku Eldas uwanjani hatufiki. Nairobi ni mbali, na mvua ikinyesha hata kufika mjini Wajir ni shida. Tunaifuata timu yetu kwa redio na kwa simu mtandao unapokubali, na roho huniuma timu inapocheza kama chui kweli wiki hii, kisha wiki ijayo ikaacha pointi kwa klabu iliyo mkiani. Wengi humlaumu kocha. Mimi naanzia ofisini. Klabu iliyozaliwa 1964, ikabeba kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984, haijatwaa ligi tangu 1998! Kampuni ya SportPesa ilipoacha kuidhamini mwaka 2019, mishahara ilikwama. 2021 FIFA ikaizuia kusajili wachezaji kwa sababu ya deni la kocha Mnyarwanda Cassa Mbungo na wachezaji wa kigeni waliokwisha kuondoka. Mchezaji asiyejua kodi ya nyumba itatoka wapi atakimbia vipi hadi dakika ya 90? Kwetu, anayechunga ngamia wa watu huwahesabu jioni wenyewe wakitazama. Nasi tuhesabiwe hivyo hivyo: kila shilingi ya kiingilio, ya jezi na ya mdhamini iwekwe wazi mbele ya wanachama, tena kabla viongozi hawajarudi kutuomba kura.