Namba ya Siri Ni Amana

Ndugu msomaji, wako watu hapa Pemba wanaosema kwamba fedha za simu ni haramu, basi. Ukiwauliza dalili, hawana. Riba ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kumpelekea mama yako shilingi elfu kumi kutoka Chake Chake hadi Micheweni, kwa ujira unaojulikana, ni riba ya wapi? Na aikimbiaye riba ya benki, Benki ya Watu wa Zanzibar ilianza huduma za Kiislamu mwaka 2011.

Kiwazuiacho watu ni khofu, nayo ina sababu. Mzee ameuza karafuu zake. Afika kwa wakala, hajui kusoma maandishi ya simu, basi amtajia kijana namba ya siri mbele ya watu. Kesho yake fedha hazipo. Nanyi mwasema mzee mshamba! Walaumiwe waliomuuzia laini wasimfundishe, na wewe mwanawe uliyesoma. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yaamrisha deni liandikwe, na asiyeweza kuimlisha, walii wake amwimlishie kwa uadilifu. Walii wa baba yako ni nani, wakala? Keti naye leo baada ya Alasiri umfundishe, na anapoibonyeza namba yake, nawe geuza uso.