Idadi ya Wanachama si Idadi ya Stakabadhi



Mkutano Mkuu u karibu, na kama ilivyo desturi kila tawi litadai mgao wake wa miche kwa idadi ya wanachama wake waliopeleka karafuu kituoni msimu uliopita. Hapo ndipo maneno yanapozuka. Maana katika orodha zinazotoka kwenye kompyuta, watu huonekana wengi kuliko waliopo, na yako matawi ambayo hayaoni ubaya wowote. Mimi nauona, kwani mche anaopewa mtu wa makaratasi umetolewa mkononi mwa mtu wa kweli.

Kompyuta haina hila, lakini haina akili pia. Ndani yake mna madaftari mawili. La kwanza ni la wanachama, kila mtu mstari mmoja. La pili ni la stakabadhi, na humo kila mtu apimapo karafuu huongezwa mstari. Ukiyaunganisha ili upate ripoti, jina la mwanachama hurudiwa kwa kila stakabadhi yake. Tuseme Wete wamepima watu watatu: mmoja mara nne, wa pili mara mbili, wa tatu mara moja. Iamrishe ihesabu, itakujibu saba. Haikusema uwongo, umeuliza mistari, imekujibu mistari. Na kupima mara nyingi si kosa: karafuu hukauka kwa mafungu, na mvua haimngojei mtu.

Katika lugha ya SQL, itumikayo kuuliza madaftari ya namna hii, neno COUNT huhesabu mistari, na hapana budi kuongeza DISTINCT ili kila mmoja ahesabiwe mara moja tu. Programu ya Microsoft Access haiyakubali maneno hayo mawili kwa pamoja; huko yatakiwa kwanza kutoa orodha isiyo na marudio, ndipo uihesabu orodha hiyo.

Lakini tumhesabu mtu kwa alama gani? Wengine wasema kwa jina. Kisiwani kwetu hapa! Hamad Ali na Hamadi Ali kwa kompyuta ni watu wawili, kumbe ni bwana mmoja, ila karani wa Konde kaandika hivi na wa Wete vile. Na huku akina Khamis Juma watano, kila mmoja na shamba lake, watafanywa mtu mmoja. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tuhesabu kwa namba ya uanachama, na namba hiyo iandikwe katika kila stakabadhi bila kukosa. Ikiachwa wazi, mwenyewe hahesabiwi kabisa, maana hesabu ya DISTINCT huzipita nafasi tupu kama hazipo.

Liko na jambo la kujumlisha matawi. Mwenye shamba moja upande wa Wete na jingine Mkoani hupima vituo viwili, na kila tawi lina haki ya kumwandika. Ukizijumlisha hesabu za Wete, Chake Chake na Mkoani, umekwisha kumfanya watu wawili. Jumla ya chama haipatikani kwa kujumlisha matawi. Lazima iulizwe upya kutoka daftari zima. Basi mkiiona ni ndogo kuliko matawi yakiwekwa pamoja, msimshitaki mhasibu. Kwa mgao wa miche, mtu wa namna hiyo na achague tawi moja.

Limebaki shamba la urithi, ndugu sita na stakabadhi zote kwa jina la marehemu baba yao. Je, ni mwanachama mmoja, sita, au hapana hata mmoja? Hilo halimo katika kompyuta yoyote, na Katibu hana mamlaka ya kulikata. Mkutano ndio uliamue, na liamuliwe kabla miche haijagawiwa.

Mwenye stakabadhi isiyo na namba ya uanachama tafadhali ailete ofisini kabla ya siku ya mkutano.

Katibu