Kijiti cha kibiriti mu prizi ya Ndola

Ku mugodi, hakuna shefu anaweza kutuacha tutengeneze masini mbele ya kukata umeme. Kila mutu anaweka kadena yake, anachunga ufunguo mu mufuko, kisha anapima kama umeme umetoka kweli. Njo vile tunarudia ku nyumba wazima.

Lakini tukivuka Kasumbalesa, kupeleka mugonjwa ao kununua bintu ku Ndola na Kitwe, ile akili tunaiacha ku mupaka. Tunakuta prizi ya Zambia iko na matundu matatu ya pembe nne. Fishi ya telefone yetu iko na miguu mbili ya mviringo, haiingie. Basi tunachukua kijiti cha kibiriti, ao biki, wengine hata musumari, tunasukuma mu tundu ya juu ili yale mawili ya chini yafunguke.

Tujue: ile tundu ya juu ni ya waya ya udongo. Njo inafungua kifuniko cha yale mengine, kilichowekwa ili mutoto asiingize chuma. Fishi yetu tukiilazimisha haishike muzuri: inacheza, inapata moto, inaanza kuungua. Tena fishi ya kule iko na fyuzi ndani, yetu haina.

Tununue adapta. Lakini adapta inabadilisha miguu tu, haibadilishe nguvu ya umeme. Kwetu ni volti 220, Zambia 230: hakuna shida. Marekani ni 120. Ndugu akitutumia fero ya kule, tukiitia mu prizi ya hapa Lubumbashi itaungua. Kwanza tusome maandishi ku chombo: kama iko "100–240 V", inaenda popote.

Na kurudi je? Tunaleta bilika ya umeme toka Kitwe, tunakata fishi ya miguu tatu, tunafunga ya mbili, waya ya kijani na manjano tunaitupa. Ile waya njo kadena ya bilika. Siku umeme ukigusa chuma, mama mwenye mikono ya maji njo atapigwa.

Kadena ya ku mugodi tunaiweka sababu ya bibi na watoto wanaotungojea. Haifae tena tuwaletee hatari mu jikoni, sababu ya kukataa kununua adapta.