Meli isiyo na nahodha ndani: mzigo ukipotea alipe nani?

Mkulima anayenunua mfuko wa mbolea dukani huuliza bei, si meli iliyouleta. Lakini kampuni ya mbolea ya Yara ya Norway, ambayo bidhaa zake zinauzwa pia Tanzania na Kenya, inayo meli ya betri, Yara Birkeland, iliyoanza kazi mwaka 2022. Inabeba makontena hadi 120 kutoka kiwandani Herøya hadi bandari ya Brevik, na lengo ni ijiendeshe yenyewe. Ilianza na mabaharia ndani, na hiyo ni busara.

Ufundi upo, sheria ndiyo iko nyuma. Kanuni za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinataka kila meli iwe na ulinzi wa macho na masikio wakati wote. Je, kamera ni macho? Itaitambua ngalawa isiyo na taa usiku? Na mvuvi akizama, nani atamtupia kamba?

Mwaka 2023 kikao cha Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) kilikubaliana kuwa kila meli ya namna hiyo iwe na nahodha binadamu anayewajibika, hata kama amekaa ofisini nchi kavu. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, mpango wa shirika hilo ni kuanza na kanuni za hiari, na za lazima zianze kutumika Januari 2032.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hiari hiyo ni hatari. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama siku 6 katika Mfereji wa Suez, kisha mwenye meli akataka wenye mizigo wachangie hasara. Aliyekuwa na kontena moja bila bima alitakiwa kutoa dhamana kwanza ndipo apewe mali yake. Na hiyo ilikuwa meli yenye nahodha! Kosa likiwa la kompyuta, mwenye meli atamlaumu aliyetengeneza programu, naye atamlaumu aliyeuza kamera, huku mwenye mzigo akisubiri.

Tanzania na Kenya ni wanachama wa IMO. Wajumbe wao wadai kifungu kimoja kabla ya mengine: mwenye meli amlipe kwanza mwenye mzigo, ndipo aende mahakamani kugombana na mafundi wake.