Aliyenyamaza Huenda Ndiye wa Kutangulizwa

Ndugu Waislamu, wengi wetu hapa Mwanza tumepata kushuhudia ugomvi kwenye mlango wa chumba cha dharura. Mgonjwa aliyevunjika mguu analia kwa maumivu, muuguzi anampita na kumkimbilia mwingine aliyelala kimya. Ndugu za anayelia hupandisha sauti. Nasi tumewahi kupandisha, na tunajuta.

Katika dharura haitazamwi nani katangulia kufika. Muuguzi hutazama kama hewa inapita, mgonjwa anapumuaje, mapigo ya moyo yakoje na kama ana fahamu. Mwenye kulia, kilio chenyewe ni ushahidi kwamba anapumua. Aliyenyamaza, mwenye jasho baridi, huenda anavuja damu ndani kwa ndani.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafariki watu zaidi ya 220. Huko visiwani, Hospitali ya Bugando iko ng'ambo ya maji. Wa kwanza kumpokea majeruhi ni muuguzi wa kituo cha afya. Majeruhi wakija wengi kwa mpigo, utaratibu huo ndio unaookoa roho.

Hatusemi anayelia asahauliwe. Kutuliza maumivu ni sehemu ya tiba: aulizwe yamezidi kiasi gani, mguu ufungwe gango, apewe dawa. Wapo wanaodhani kuomba dawa ya maumivu ni kukosa subira. Sivyo! Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu.

Vilevile tusimzuie muuguzi kwa sababu ni mwanamke na mgonjwa ni mwanamume. Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika Vita vya Handaki, aliuguzwa katika hema la Bibi Rufaida (R.A.), msikitini Madina, kwa agizo la Mtume (S.A.W.) mwenyewe.

Basi tumfikishapo mgonjwa wetu, tueleze maumivu yalianza lini na ametumia dawa gani, kisha tusogee pembeni. Akibadilika hali, tumwite muuguzi mara moja, kwa adabu. Huenda kesho aliyenyamaza akawa mama yetu.