Akijibu "Shida", nani atampigia?

Rafiki yangu mmoja, tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni, alinitumia meseji saa nane usiku: "Upo?" Nilikuwa nimelala. Nilimjibu saa tatu asubuhi nikiwa kwenye daladala: "Nipo kaka, vipi?" Kimya. Kumbe yuko wodini. Alikuwa amejaribu kujiua baada ya siku tatu za kunywa mfululizo.

Yuko hai, namshukuru Mungu. Ameniruhusu niandike haya, ila nisimtaje jina.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baada ya kuruhusiwa. Alipewa vidonge, tarehe ya kurudi na ushauri wa maneno mawili: "Acha pombe." Basi. Tarehe ilipita, hakwenda, na hakuna aliyemuuliza. Lakini simu yake haikunyamaza. Kampuni za kubeti zilimkumbuka kila Jumamosi. Wakopeshaji wa mtandaoni walimkumbuka kila siku. Jamani, kila anayetaka pesa yake ana namba yake, isipokuwa wale waliotakiwa kumtibu!

Na msiniambie kuwa hatuna uwezo. Kuanzia 2007, watafiti nchini Kenya waliwafuatilia wagonjwa 538 walioanza dawa za UKIMWI. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Wengine, kila wiki, walitumiwa na muuguzi meseji ya neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyekaa kimya, alipigiwa simu. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010: kwa maelezo yao wenyewe, asilimia 62 ya waliotumiwa meseji walimeza dawa ipasavyo, wakati kwa wenzao ilikuwa asilimia 50. Kazi hiyo simu ya tochi inaiweza.

Utasema UKIMWI si pombe. Sawa. Hapa hapa kwetu, KCMC Moshi, watafiti wameujaribu mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi anazungumza na majeruhi mwenye tatizo la pombe akiwa bado hospitali, halafu meseji za kumkumbusha zinamfuata nyumbani. Na kuhusu kujiua, zamani kabla ya simu za mkononi, daktari Jerome Motto wa Marekani aliwaandikia barua fupi za kuwajulia hali watu waliotoka hospitali wakiwa hatarini na wakakataa matibabu zaidi. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliojiua miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wale wasioandikiwa.

Sasa angalizo langu. Kompyuta inaweza kutuma "Mambo?" kwa watu elfu kumi kwa mkupuo. Lakini "Shida" inataka mtu. Saa nane usiku lazima awepo muuguzi wa zamu, mwenye mshahara na salio, anayejua mgonjwa apelekwe wapi. Bila huyo, tutakuwa tumeongeza tangazo jingine kwenye simu ya mgonjwa.

Pia kuna siri. Simu zetu hushikwa na mke, mdogo wetu, hata bosi. Neno "Mambo?" halimwaibishi mtu. "Je, umekunywa leo?" linamwaibisha.

Na kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Nani atajibu "Shida" akiwaza polisi? Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kuwa kinakiuka katiba. Sisi tunasubiri nini?

Siku hizi kila Jumatatu namtumia rafiki yangu "Mambo?" Mara nyingi anajibu "Sawa". Wiki mbili zilizopita alijibu "Shida". Niliondoka kazini, nikamuuliza wazi wazi kama anawaza kujiua (kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo), nikakaa naye, kisha tukaenda hospitali pamoja. Nawe ukijibiwa hivyo, usimwache peke yake.

Ila mimi ni mwandishi wa habari, si muuguzi. Na usiku huwa nalala. Yule asiye na rafiki wa kumtumia "Upo?", atamtumia nani?

Mnasemaje, wenzangu?