Lori Hupimwa, Mbung'o Hupimwa, Mgongo wa Mchukuzi Utapimwa Lini?



Wapo wanaosema kwamba utafiti ni mambo ya maprofesa, na kwamba mtu wa gunia na mtu wa jembe hayamhusu. Sisi tunaofanya kazi ya kuunganisha wafanyakazi hapa Gumbo hatukubaliani nao. Utafiti ni kupima jambo mpaka sababu yake ijulikane. Jambo lisilopimwa ni rahisi kukanushwa. Hakuna anayebisha uzito wa mfuko wa saruji, kwa kuwa mizani ipo. Lakini maumivu ya mgongo wa aliyeubeba hubishiwa kila siku, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika.

Gumbo ni mlango wa Juba. Malori yatokayo Mombasa na Kampala kwa njia ya Nimule hufika kwanza upande huu wa mashariki wa mto Nile, kabla ya kuvuka kwenda mjini. Barabara ya Nimule ilikamilika kutiwa lami 2012, na Daraja la Uhuru likafunguliwa 2022. Lori likiondoka Mombasa hupandishwa mizani Mariakani, likapimwa tena Mlolongo, na mizani nyingine zipo mbele yake. Likizidisha uzito, mwenyewe hutozwa faini. Kwa nini? Kwa sababu uzito uliopita kiasi huvunja lami, na lami ni ghali. Hatupingi jambo hilo, ni jema. Tunauliza tu: lami imewekewa sheria na mizani, je, mtu anayeishusha shehena hiyo begani anapimwa kwenye mizani gani?

MDUDU ALIVYOPATIKANA

Ili tuone utafiti unaweza nini pale watu wanapoamua, tuanze na mbung'o.

Mbung'o tunamfahamu. Ndiye aletaye malale kwa watu, na watu wa Ikweta ya Magharibi wameuonja ugonjwa huo tangu enzi za wakoloni. Kwa ng'ombe huleta nagana, mnyama akakonda mpaka akaanguka. Kisiwani Unguja nako mbung'o walisumbua mifugo kwa miaka mingi. Wataalamu wakayachunguza maisha yake, wakapata mambo mawili. La kwanza, jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akaihifadhi mbegu ya dume na kuitumia maisha yake yote. La pili, hatagi mayai kwa mamia kama nzi wa jalalani. Huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Mdudu mwenye uzazi haba namna hiyo akizuiwa kuzaa, ukoo wake hukatika upesi.

Huko Tanga wakafuga mbung'o kwa wingi ndani ya nyumba maalumu, wakiwalisha damu. Madume wakapigwa mionzi kwa kiasi cha kuharibu mbegu zao bila kuwaua. Hapo ndipo unapoonekana utaalamu wa seli, yaani zile chembe hai ndogo zinazojenga kila kiumbe. Kiumbe huanza na seli moja, ikagawanyika kuwa mbili, mbili zikawa nne, mpaka mwili ukatimia. Mbegu iliyopigwa mionzi huingia katika yai kama kawaida, lakini mgawanyiko ule huharibika mapema na kiumbe hufa kabla hakijaumbika.

Kwanza mbung'o walipunguzwa kwa dawa ya kuwapaka ng'ombe na kwa vitambaa vyenye sumu. Kisha kuanzia 1994 ndege ndogo zikawa zinamwaga madume tasa juu ya kisiwa, kwa mamilioni, wakati watu chini wakitega mitego na kuhesabu walionaswa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Kazi hiyo ilifanywa na serikali pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Wala mtu asidhani hayo ni ya wageni peke yao. Marehemu Profesa Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa, alianzisha Nairobi mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kwa msimamo kwamba matatizo ya Afrika yachunguzwe Afrika na Waafrika wenyewe.

Basi tunajua mbung'o huzaa baada ya siku ngapi, tunajua wa mwisho alinaswa mwezi gani. Mgongo wa mchukuzi wa Gumbo, au wa mchuma chai, au wa mkata mkonge, haustahili angalau hesabu kama ya nzi?

MGONGO NI KITU GANI

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili ipo diski, mfano wa mto mdogo, mgumu kwa nje na laini kwa ndani, unaopokea uzito na mshtuko. Diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu. Seli zake ni chache, na chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa ya jirani. Ndiyo sababu ngozi iliyochubuka hufunga kwa siku chache, lakini diski iliyopasuka huchukua miezi, na mara nyingi hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Mwajiri anayemwambia mtu wa namna hiyo, "Pumzika Jumapili, Jumatatu uje," anamdai mgongo kitu ambacho mgongo hauna uwezo wa kukitoa.

Je, uzito unaokandamiza diski umewahi kupimwa? Umepimwa. Katika miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Sweden aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za watu walio hai, akaona jinsi mkandamizo unavyobadilika mtu akilala, akisimama na akiinama. Mwaka 1999 wataalamu wa Ulm, Ujerumani, wakachapisha vipimo vya mtu mmoja, daktari wa miaka 45, aliyekubali kukaa na kipimo hicho mgongoni. Akisimama wima, kipimo kilisoma 0.5. Akiinua kilo 20 kwa kukunja mgongo, kilipanda hadi 2.3, zaidi ya mara nne. Akiinua kilo zile zile kwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo, 1.7. Akiushika mzigo karibu na kifua, 1.1.

Tuzingatie, ndugu: hizo ni kilo 20, na mtu ni mmoja. Mfuko wa saruji hapa ni kilo 50. Gunia la nafaka huweza kufika kilo 90 au zaidi.

MANENO YA "WAMEZOEA"

Hapa kuna jibu ambalo tumelisikia mara nyingi: "Waafrika wamezoea mizigo. Hata mama zao hubeba kichwani." Jibu hilo tulichambue vizuri, maana nalo lina utafiti wake.

Katika miaka ya 1980 wataalamu walifanya majaribio Nairobi kwa akina mama wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwani, na wa Kiluo wanaobeba utosini. Waliwatembeza juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, wakapima hewa wanayovuta ili kujua nguvu inayotumika. Matokeo yalichapishwa 1986, na mmoja wa waandishi wake alikuwa Profesa Maloiy wa Kenya. Waliona jambo la ajabu: mama aliyezoea hubeba mzigo wa hadi sehemu 20 kwa mia ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea bure. Mwaka 1995 sababu ikachapishwa. Mwendo wa mtu ni kama timazi linaloning'inia na kuyumba, na akina mama hao, wakibeba, hupoteza nguvu kidogo zaidi kati ya hatua na hatua.

Hiyo ni sifa kubwa kwa mama zetu. Ni elimu iliyo miguuni mwao, hawakuipata shuleni. Lakini tufanye hesabu. Mama wa kilo 60, sehemu 20 kwa mia ni kilo 12. Mchukuzi wa kilo 65 akiwekewa mfuko wa kilo 50, amebeba zaidi ya robo tatu ya mwili wake. Majaribio yale yale yalionyesha kwamba ukipita kile kiasi, nguvu inayotumika hupanda pamoja na mzigo. Tena walipima pumzi, hawakupima diski. Na utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2010 haukuona nafuu hiyo kwa kila mwanamke, na akina mama wenyewe walilalamikia shingo. Basi anayeitumia sifa ya mama zetu kuhalalisha gunia la kilo 90 anapotosha sayansi. Wahenga walimjua mtu huyo waliposema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

HESABU YA GETINI

Tuchukue lori la tani 30 za saruji. Hiyo ni mifuko 600. Wakishusha watu wanne, kila mmoja ana mifuko 150, sawa na kilo 7,500 zilizopita begani mwake kwa lori moja. Na malipo ni kwa kazi, kwa hiyo kila mtu anakimbia.

Sheria za dunia zinasemaje? Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba namba 127, unaokataza mfanyakazi kubebeshwa mzigo ambao uzito wake unaweza kuhatarisha afya yake, na unaotaka afundishwe kubeba kabla ya kupewa kazi hiyo. Pendekezo lililofuatana nao, namba 128, lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima. Hicho ni kipimo cha zamani. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilitoa hesabu ambayo hata pale mambo yote yanapokuwa mazuri haivuki kilo 23. Uingereza leo saruji ya dukani huuzwa kwa mifuko ya kilo 25. Jirani zetu Kenya waliweka kanuni mwaka 2019 kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Kwa hiyo mfuko si mlima ulioumbwa na Mungu. Mfuko hushonwa kiwandani, na ukubwa wake huamuliwa na watu.

Wako wenzetu wenye hofu ya haki. Wanasema: mfuko ukipungua, malipo ya mfuko nayo yatapungua. Tunajibu: malipo yahesabiwe kwa tani, si kwa mfuko. Tani haipungui kwa kugawanywa. Wengine wanaogopa kwamba tukidai vifaa, mashine itachukua kazi. Sisi hatudai winchi ya kufukuza watu. Tunadai toroli, na jukwaa lililo sawa na kimo cha lori, ili mtu asiinamie mzigo wala asipande nao ubao unaoyumba. Aliyevunjika mgongo akiwa na miaka 30 ameshapoteza kazi yake, na hakuna mashine iliyomfukuza.

MADAI YETU

Kwanza, mizigo ya kubebwa na mtu mmoja iteremshwe hatua kwa hatua hadi kilo 25. Wakati huo haujafika, mzigo wa kilo 50 uinuliwe na watu wawili.

Pili, anayeumia mgongo kazini atibiwe na alipwe fidia, hata kama ni kibarua wa siku moja. Mgongo haujui tofauti ya kibarua na mwajiriwa wa kudumu.

Tatu, kila tawi lifungue daftari. Liandikwe: tarehe, aina ya mzigo, kilo zake, aliyeumia aliumia wapi, alikaa nyumbani siku ngapi. Jina lake libaki kwa katibu wa tawi, lisioneshwe kwa mwajiri. Daftari la shilingi chache likijazwa mwaka mzima ni ushahidi usiotetereka mezani.

Nne, Chuo Kikuu cha Juba kina kitivo cha udaktari. Tunakiomba kilete wanafunzi na walimu wake Gumbo, wapime kazi hii kama Tanga walivyompima mbung'o. Milango yetu iko wazi kwa sharti moja: mtafiti aombe ridhaa ya mfanyakazi, na majibu yarudi kwetu kwa lugha tunayoisoma, yasiishie kabatini.

Ndugu zetu wa viwandani na wa mashambani, neno hili si la Gumbo peke yake. Kapu la chai, furushi la mkonge, gunia la kahawa na fungu la miwa vyote vinakaa juu ya uti ule ule wa mgongo. Daftari lianze mwezi huu, katika kila tawi. Mwajiri akija na hesabu zake za tani, nasi twende na hesabu zetu za migongo.

Umoja ni nguvu!